Haki ya Kuimba kwa Kijerumani: Historia ya Lugha katika Muziki wa Pop na wa Kufoka wa Ujerumani, 1945–2023

Mwaka 1992 zilitoka nchini Ujerumani kazi mbili ambazo wahakiki wamezoea kuzihifadhi katika makabati tofauti. Ya kwanza ni albamu Ich-Maschine ya Blumfeld, bendi ya gitaa ya mjini Hamburg isiyofungamana na kampuni kubwa za kurekodi. Ya pili ni Fremd im eigenen Land, yaani ‘Mgeni katika Nchi Yangu Mwenyewe’, wimbo wa kufoka wa vijana watatu wa Heidelberg waliojiita Advanced Chemistry. Ya kwanza huchambuliwa kama ushairi: huchunguzwa taswira zake, sentensi zake zinazokatizwa njiani, na madokezo yake ya kifalsafa. Ya pili hutajwa katika vitabu vya sosholojia, mahali panapozungumziwa matatizo ya watoto wa wahamiaji.

Makala hii inaupinga mgawanyo huo. Kazi zote mbili zinajibu swali moja, nalo ni swali la kifasihi: ni nani mwenye haki ya kuimba kwa Kijerumani, na kwa masharti gani? Aidha, inadaiwa hapa kwamba jibu lililozaa zaidi katika miaka 30 iliyofuata ni lile la Heidelberg.

Msikilizaji wa nje aghalabu huingia katika muziki huu kwa mlango wa 99 Luftballons wa Nena, wimbo wa mwaka 1983 uliosikika dunia nzima. Nchini Uingereza ulivuma katika tafsiri ya Kiingereza, ilhali Wamarekani waliupokea katika Kijerumani chenyewe. Mlango huo haufai sana, kwa maana unamfanya mgeni adhani kwamba Mjerumani kuimba kwa Kijerumani ni jambo la kawaida, kama Mswahili kuimba kwa Kiswahili. Haikuwa hivyo. Kwa takriban miaka 25 baada ya vita, kijana wa Ujerumani ya Magharibi aliyetaka kuchukuliwa kwa uzito jukwaani alilazimika kuikwepa lugha ya mama yake.

Sababu zake zinajulikana. Utawala wa Wanazi ulikuwa umeutumia wimbo kama chombo cha dola: wimbo wa gwaride, wimbo wa kambi ya vijana, wimbo wa redioni. Baada ya mwaka 1945 kilichosalia cha kuimbwa kwa Kijerumani bila kuwaudhi watu kilikuwa ule utanzu uitwao Schlager: nyimbo laini za mapenzi, za likizo ya Italia, za mabaharia wenye huzuni. Vijana waliuona utanzu huo kuwa ni pazia lililotundikwa na wazazi wao mbele ya mambo yasiyosemwa. Wao walitega masikio kwenye stesheni za majeshi ya Marekani na Uingereza, na kutoka huko wakajifunza kwamba hisia ya kweli husemwa kwa Kiingereza. Soko nalo lilikuwa na imani tofauti kabisa. Mwaka 1964 The Beatles, ambao walikuwa wamekomaa katika vilabu vya Hamburg, walishawishiwa kurekodi nyimbo zao mbili kwa Kijerumani kwa kuwa wafanyabiashara waliamini kuwa Wajerumani wasingenunua vinginevyo. Mwaka uliofuata, 1965, mjini Hannover iliundwa bendi ya Scorpions, ambayo ingekuja kupata umaarufu wa kimataifa kwa kuimba kwa Kiingereza.

Waliovunja mwiko huo walikuwa wachache, na kila mmoja aliuvunja kwa njia yake. Ton Steine Scherben ya Berlin Magharibi, iliyoundwa mwaka 1970, ilikigeuza Kijerumani kuwa lugha ya maandamano na ya nyumba zilizotwaliwa na vijana wasio na makazi. Sauti ya Rio Reiser ilikwaruza kwa makusudi. Udo Lindenberg, katika albamu yake Andrea Doria ya mwaka 1973, alifanya jambo lililoonekana dogo lakini likawa na athari ndefu: aliimba jinsi watu wanavyozungumza baani, kwa mzaha na kwa uvivu wa ulimi, bila ukariri wa jukwaa. Kraftwerk ya Düsseldorf, katika Autobahn ya mwaka 1974, iliipunguza lugha hadi ikabaki maneno machache yanayorudiwa kama ishara za barabarani. Njia ya Kraftwerk ndiyo iliyosifiwa zaidi ng’ambo. Katika historia ya lugha, hata hivyo, Lindenberg ana uzito mkubwa zaidi, kwa sababu baada yake mtu angeweza kuimba kwa Kijerumani bila kuandamana na bila kujifanya mashine.

Upande wa Mashariki mambo yalikuwa kinyume. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani kuimba kwa Kijerumani kulikuwa karibu na wajibu. Amri ya mwaka 1958 ilitaka angalau asilimia 60 ya muziki wa burudani uwe umetungwa nchini humo au katika nchi nyingine za kisoshalisti, na bendi haikuruhusiwa kupiga hadharani bila kibali. Matokeo yake ni kwamba watunzi wa Mashariki walijizoeza mapema ufundi wa mafumbo. Waliovuka mpaka waliadhibiwa: kundi la Renft lilipigwa marufuku mwaka 1975, na mwaka 1976 Wolf Biermann alinyang’anywa uraia akiwa safarini Magharibi. Ajabu ni kwamba dola hiyohiyo iliruhusu filamu ya Kimarekani Beat Street kuonyeshwa mwaka 1985, kwa imani kwamba ingeufichua unyonge wa watu weusi chini ya ubepari. Vijana waliitazama wakajifunza kucheza ngoma ya kuzunguka kwa kichwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 likazuka vuguvugu lililoitwa Neue Deutsche Welle, ‘Wimbi Jipya la Kijerumani’, jina lililoenezwa na gazeti la muziki mwaka 1979. Albamu Monarchie und Alltag ya Fehlfarben (1980) inasalia kuwa mojawapo ya kazi kavu na kali kuliko zote za lugha hiyo. Lakini wimbi halikukaa. Kampuni kubwa zilipogundua kuwa Kijerumani kinauzika, zilisajili kila aliyeweza kutamka neno la kuchekesha, na kufikia mwaka 1984 wasikilizaji walikuwa wamekinai.

Hamburg na Heidelberg

Ndipo ulipokuja muungano wa mwaka 1990, na pamoja nao moto. Hoyerswerda, Septemba 1991. Rostock-Lichtenhagen, Agosti 1992. Mölln, Novemba 1992, ambako watu watatu wa familia za Kituruki waliuawa nyumba zao zilipochomwa. Solingen, Mei 1993, ambako waliuawa watano. Kazi za mwaka 1992 zilizotajwa mwanzoni haziwezi kusomwa nje ya mfululizo huu.

Watunzi wa Hamburg waliikabili hali hiyo kwa kuishuku lugha yenyewe. Katika tungo za Jochen Distelmeyer, kiongozi wa Blumfeld, nafsineni haiaminiki: inazungumza, inajikatiza, inajisikiliza ikizungumza, inagundua kwamba maneno yake ya mapenzi yamekwisha kutumiwa na matangazo ya biashara na hotuba za dola. Jina la albamu lenyewe, ‘Mashine-Mimi’, linatoa dai hilo waziwazi. Ile ya pili, L’etat et moi ya mwaka 1994, inachezea kauli ambayo Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa husemekana kuitoa: mahali pa mfalme kujitangaza kuwa ndiye dola, pamewekwa kiunganishi, na mtu anabaki akitazamana na dola bila kujua mpaka uko wapi. Huu ni ushairi wa hali ya juu, na waliousifu hawakukosea.

Tocotronic, vijana waliofuata nyuma yao na albamu Digital ist besser mwaka 1995, walichukua mkondo mwepesi zaidi. Mada za nyimbo zao ni sentensi nzima, kama vile ule usemao kwamba msemaji angependa kuwa sehemu ya vuguvugu la vijana. Uzito wake umo katika kitenzi ‘ningependa’: vuguvugu lenyewe halipo, na anayelitamani analijua hilo. Mwaka 1996 stesheni ya televisheni ya VIVA, iliyokuwa imeanzishwa Cologne mwaka 1993 ili kushindana na MTV, iliwatunukia tuzo katika kundi lililoitwa ‘Kijana, Mjerumani na Njiani Kupanda Juu’. Waliikataa. Hawakuona fahari, walieleza, katika kuwa vijana wala katika kuwa Wajerumani.

Kitendo hicho kimesimuliwa mara nyingi kama kilele cha maadili ya wanamuziki huru, na kwa hakika kilikuwa cha heshima. Hata hivyo, kinahitaji kusomwa pamoja na wimbo wa Advanced Chemistry uliotangulia kwa miaka minne. Ili mtu akatae kuitwa Mjerumani, yampasa kwanza awe ameitwa.

Advanced Chemistry ilianzishwa mwaka 1987 na Torch, ambaye mama yake ni wa asili ya Haiti, Toni-L, mwenye asili ya Italia, na Linguist, yaani Kofi Yakpo, mwenye asili ya Ghana. Heidelberg ulikuwa mji wa makao makuu ya jeshi la nchi kavu la Marekani barani Ulaya, na hip-hop iliwafikia vijana wa mji huo kupitia kwa askari na vilabu vyao. Lakini Torch alianza mapema kughani papo kwa papo kwa Kijerumani. Wakati huo sheria ya uraia bado ilikuwa imejengwa juu ya damu: mtoto aliyezaliwa Ujerumani na wazazi wageni alibaki mgeni, na hali hiyo haikurekebishwa hadi sheria mpya ilipoanza kutumika Januari 1, 2000. Msemaji wa Fremd im eigenen Land, kwa hivyo, ni mtu mwenye bahati kwa kiasi fulani. Paspoti anayo, ile ya kijani yenye tai wa dhahabu. Wimbo mzima umejengwa juu ya kinaya kwamba hati hiyo haisomeki usoni pake.

Ufundi wa wimbo huo umepuuzwa mno. Unatanguliwa na sauti za matangazo ya habari, hivyo kwamba msemaji anaingia akiwa tayari ni somo la taarifa za watu wengine. Kisha beti tatu zinagawanywa kwa waghani watatu, kila mmoja akitoa ushahidi wake kama mbele ya baraza. Katikati pana majibizano mafupi ambayo mwalimu yeyote wa ushairi angefurahi kuyafundisha: msemaji anaulizwa iwapo siku moja atarejea katika Heimat yake, naye anauliza kama ni Heidelberg panaposemwa, palipo na Heim yake. Neno la kwanza ni nchi ya asili, lenye harufu ya damu na udongo. La pili ni maskani tu, paa na mlango. Kwa silabi moja inayodondoshwa, nadharia nzima ya utaifa inaporomoka. Kiswahili kingeweza kuufasiri mchezo huo kwa neno ‘kwao’, ambalo huuliza mahali na umiliki kwa pamoja, ingawa uchungu wa asili ungepungua.

Kabla yao, mwaka 1991, kundi la Fresh Familee kutoka mji mdogo wa Ratingen lilikuwa limetoa wimbo Ahmed Gündüz. Humo mghani mwenye asili ya Uturuki anavaa sauti ya kizazi cha baba yake, kile cha vibarua walioletwa kufuatia mkataba wa mwaka 1961, na kuzungumza kile Kijerumani kilichovunjika ambacho wachekeshaji walikitumia kuwadhihaki. Anayekivaa hapa anakijua Kijerumani sanifu barabara. Kosa la sarufi linageuka kuwa mbinu ya kifani, na dhihaka inamrudia mwenye kudhihaki. Cem Karaca, nyota wa roki wa Uturuki aliyekuwa uhamishoni, alikuwa amekwisha kujaribu jambo la jamii hiyo mwaka 1984 katika albamu yake ya Kijerumani Die Kanaken, ambayo mada yake ni tusi walilotupiwa wahamiaji. Tusi hilohilo ndilo Feridun Zaimoglu alilolitwaa mwaka 1995 kwa kitabu chake Kanak Sprak, na kwa kuwa yeye aliandika kitabu, wahakiki wa fasihi walimtambua mara moja.

Soko lilimchagua mtu mwingine. Die Fantastischen Vier, vijana wa Stuttgart, walitoa mwaka 1992 wimbo wa kuchekesha uitwao Die da!?, kisa cha marafiki wawili wanaosifia msichana ambaye mwishowe ni mmoja. Ulipanda hadi nafasi ya pili katika orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi, na kwa mamilioni ya wasikilizaji hip-hop ya Kijerumani ilizaliwa siku hiyo. Mwaka mmoja kabla, mkusanyo uitwao Krauts with Attitude ulikuwa umeuzwa kwa jalada la rangi nyeusi, nyekundu na dhahabu, rangi za bendera ya taifa. Si haki kuwalaumu vijana wa Stuttgart kwa furaha yao. Wimbo wao ni mwepesi na umetungwa vizuri. Lakini bendera ile ilipeperushwa juu ya utanzu ambao waasisi wake kadhaa walikuwa wakiulizwa kila siku watarejea lini kwao.

Hamburg haikuwa kimya, na haki inataka hilo lisemwe. Mwaka 1993 baadhi ya wanamuziki na waandishi wa mji huo walisafiri hadi Rostock, Leipzig na Dresden kupinga mashambulizi, na albamu Das bißchen Totschlag ya Die Goldenen Zitronen (1994) ni shutuma kali dhidi ya jamii iliyojifariji kwamba mauaji hayo yalikuwa madogo. Udhaifu wa njia ya Hamburg ni wa kifani zaidi kuliko wa kimaadili. Lugha inayoshukiwa daima hatimaye hujizungumzia yenyewe. Wale ambao hawakuwa wamekabidhiwa lugha hiyo waliichukua kwa mikono miwili, na kwa kuwa waliichukua kutoka nje, waliisikia upya.

Baada ya Dessau

Juni 2000, mjini Dessau, Wanazi mamboleo walimpiga Alberto Adriano, Mmsumbiji aliyekuwa ameishi nchini tangu siku za Ujerumani ya Mashariki, naye akafariki siku chache baadaye. Mwaka 2001 wanamuziki Wajerumani wenye asili ya Kiafrika, wakikusanywa na Adé Bantu, mwenye asili ya Nigeria, waliunda Brothers Keepers na kutoa wimbo unaobeba jina la marehemu. Tofauti kati ya wimbo huu na ule wa mwaka 1992 ni ya nafsi. Kule alizungumza ‘mimi’ akitoa ushahidi. Hapa inazungumza ‘sisi’, na inatoa onyo. Umbo lake linakaribia tenzi za maombolezo zinazomtaja marehemu kwa jina ili kuwafunga walio hai. Wafokaji walirudia wajibu huohuo mwaka 2020, baada ya watu tisa kuuawa Hanau na mbaguzi mwenye bunduki.

Kipindi cha kampuni ya Aggro Berlin (2001–2009) kinaweza kupitwa kwa haraka. Wimbo Mein Block wa Sido (2004) uliupa mtaa wa magorofa wa Märkisches Viertel nafasi katika jiografia ya fasihi ya Berlin; mengi mengine yalikuwa matusi yaliyouzwa kwa bei nzuri. Mwaka huohuo Bunge lilijadili na kupendekeza kwamba redio zitenge kwa hiari asilimia 35 kwa muziki uliotengenezwa nchini, wakati ambapo bendi kama Wir sind Helden, na Die Reklamation yao ya mwaka 2003, zilikuwa zikithibitisha kuwa pendekezo hilo limechelewa.

Jambo la kudumu lilitokea Offenbach. Haftbefehl, mwana wa familia ya wahamiaji kutoka Uturuki, alileta Kijerumani kilichosukwa kwa nyuzi za Kituruki, Kikurdi, Kiarabu na Kiromani. Neno lake ‘babo’, lenye maana ya mkubwa au kiongozi, lilichaguliwa mwaka 2013 kuwa neno la vijana la mwaka. Mtaalamu wa isimu Heike Wiese alikuwa ametetea mwaka 2012, katika kitabu chake Kiezdeutsch, kwamba Kijerumani cha mitaa hiyo ni lahaja inayochipuka na wala si lugha iliyoharibika, akashambuliwa kwa barua za hasira. Wanaofuatilia mijadala ya Sheng mjini Nairobi watazitambua barua hizo bila kuzisoma. Albamu Russisch Roulette (2014) iliposifiwa na kurasa za utamaduni za magazeti makubwa, kilichosifiwa kilikuwa msamiati. Umaskini na kokeini vinavyosimuliwa humo vilipita kama mapambo.

Kuimiliki lugha, hata hivyo, ni pamoja na kurithi madeni yake. Aprili 2018 tuzo ya ECHO ilipewa Kollegah na Farid Bang, ambao toleo la albamu yao lilikuwa na mshororo uliojitapa kwa kuufananisha mwili wa msemaji na wa wafungwa wa Auschwitz. Wanamuziki kadhaa, akiwemo Daniel Barenboim, walirudisha tuzo zao, na kabla ya mwezi kwisha tuzo yenyewe ilifutwa. Waliodai kwamba majigambo ni kaida ya utanzu walisema kweli, lakini kaida haimwondolei mtunzi jukumu la kujua anasimama katika lugha ya nani.

Wanawake walingoja zaidi. Cora E. alikuwapo tangu mwanzo, na Sabrina Setlur alifika kileleni mwaka 1997, lakini ilibidi kufika mwaka 2019 ndipo mfokaji wa kike Mjerumani, Shirin David, akaongoza orodha ya albamu kwa Supersize.

Muziki huu umegusana na Kiswahili pia, kwa njia ya biashara na ya mabadilishano. Kampuni ya OutHere ya Munich ilitoa mwaka 2004 mkusanyo wa Bongo Fleva pamoja na albamu ya X Plastaz wa Arusha, na mwaka 2011 mradi wa BLNRB, ulioanzia Taasisi ya Goethe jijini Nairobi, uliwakutanisha studioni Ukoo Flani, Just A Band na wenzao na watengenezaji muziki wa Berlin. Cha kuzingatia ni kwamba wasikilizaji wa Munich walinunua rapu ya Kiswahili bila kuielewa na bila kumwuliza mghani kwa nini haimbi Kiingereza.

Mwaka 2023 wimbo Komet uliongoza orodha ya Ujerumani kwa majuma 21, rekodi isiyokuwa imefikiwa kabla. Waimbaji wake ni Apache 207, kijana wa Ludwigshafen mwenye asili ya Uturuki, na Udo Lindenberg, aliyekuwa na umri wa miaka 76 wimbo ulipotoka. Ulikuwa wimbo wa kwanza wa Lindenberg kufika nafasi ya kwanza.

Mashuhuri kidogo, lakini yenye maana zaidi kwa swala hili, ni kazi ya Microphone Mafia wa Cologne, wafokaji wenye asili ya Uturuki na Italia. Kuanzia mwishoni mwa muongo wa 2000 walipanda jukwaani pamoja na Esther Bejarano, Myahudi aliyeponea Auschwitz kwa kupiga akodioni katika okestra ya wanawake wa kambi hiyo. Walizunguka nao miji mingi, wakiimba kwa lugha kadhaa, Kijerumani kikiwa mojawapo. Bejarano alifariki Julai 2021 akiwa na umri wa miaka 96.